Hatua Elfu Tatu Hadi Mgawanyiko

Kibanda cha Msituni
3 Juni

Rula, mdogo wangu,

Ukiona mwandiko umekwenda mshazari usinicheke. Meza ya hapa imeliwa na mchwa, kwa hiyo naandikia juu ya goti la kushoto. La kulia nimelipa likizo. Simu huku ni pambo tu. Gari la vifaa linashuka kila Alhamisi, na dereva wake hana subira hata ya kufunga bahasha.

Njia imekwisha. Umesikia? Imekwisha! Miaka miwili ya kufyeka, kupaka alama na kugombana na tope, na sasa mtu anaweza kutoka langoni asubuhi, akaupita msitu, akanywa maji ya chemchemi, akatokea juu ya mgongo wa mlima na kuiona bahari kulia na bahari kushoto kwa wakati mmoja. Kabla yangu hakuna aliyeupita mgongo ule hadi mwisho na kushukia upande wa pili wa kisiwa. Askari wetu wa msitu atakwambia tulikuwa pamoja. Ni kweli, ila yeye alikuwa nyuma.

Hesabu nimefanya kama Baba alivyotufundisha ukumbini, na futi yake ya fundi wa nyaya za simu: kila hatua mia, punje moja ya mahindi inahama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Hatua yangu ni sentimita sabini, haijabadilika tangu nilipoacha kurefuka. Vile vifaa vya satelaiti mlivyotuletea vimekufa kwa unyevu vyote viwili. Kimoja kabla ya kukata roho kilisema niko baharini.

Lango hadi chemchemi: hatua 6,480.
Chemchemi hadi mgawanyiko: hatua 3,000 kamili.

Pale kwenye mgawanyiko chora kwa makini. Mgongo unagawanyika. Wa kushoto ndio njia. Wa kulia ni wa uongo: mpana, una nyasi nzuri, unakuita kabisa, halafu baada ya mita mia mbili unakatika, na chini ni genge. Wingu likishuka huoni hata viatu vyako. Vibao havidumu, upepo umeshavila vitatu. Mpandaji atajipima hatua zake kwenye ile mita mia tuliyoichora pale langoni, kisha ataanza kuhesabu kutoka chemchemi. Ramani yako ikimwambia kata kushoto, atakata hapohapo. Atatuamini mimi na wewe, basi.

Dada yako,
Bi Hatua

Chumba cha Ramani
12 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa kazini. Mkuu wetu, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, alitumia mara moja kwenye kile kifaa kilichofia baharini. Hongera sana. Nimejivuna mpaka wenzangu wameniambia nikae chini.

Lakini. Unajua lazima iwepo lakini. Kipande cha lango hadi chemchemi ni njia ya zamani, ilipimwa kwa mnyororo wa wapimaji kabla sijaajiriwa: mita 4,200. Kwa hatua zako hiyo ni 6,000. Hizo 480 za ziada umezitoa wapi? Msitu umezaa? Au panya wamekuibia punje?

Na hesabu za kurudi ziko wapi? Kanuni ni yako mwenyewe: kwenda na kurudi, ndipo nichore. Chama cha wauguzi, watu ishirini, ndicho kitakachofungua njia mwanzoni mwa Oktoba, na kiwanda cha uchapaji kinataka ramani mwisho wa mwezi huu. Naomba unitumie haraka.

Wifi yako anakusalimu. Anasema siku ukishuka upitie kwanza bafuni, salamu baadaye.

Rula

Kibanda cha Msituni
19 Juni

Mdogo wangu,

Punje zangu haziliwi na panya. Miaka kumi na tisa nahesabu njia, hujawahi kuniuliza swali kama hilo, na sitaki uanze uzeeni.

Mvua za Machi zilileta maporomoko karibu na kijito. Njia ya zamani imezikwa pale, tumezunguka kwa juu. Mzunguko ule ndio umekula hizo hatua zako. Umeridhika?

Hesabu za kurudi zitakuja. Tope bado ni jingi, na mimi sishuki mbio kumfurahisha mtu aliyekalia kiti chenye mto. Wewe tangu uzaliwe umepanda ngazi za ofisi tu, na hizo umewekewa chuma cha kushikilia. Nakutania. Lakini siyo sana.

Jana nilikaa saa nzima kwenye jiwe kubwa lililo katikati ya mgongo. Upande huu wa jiwe una vichaka, mtu anajiona salama. Ukishalipita, vichaka vinakwisha, kulia hewa, kushoto hewa. Ndege wanapita chini yako. Nilijisemea, hapa ni pangu. Waseme watakavyosema, hapa ni pangu.

Bi Hatua

Chumba cha Ramani
30 Juni

Dada,

Yameisha. Maporomoko nimeyachora, mzunguko wako nimeuweka, na mgawanyiko umekaa mita 2,100 kutoka chemchemi, na mshale mwekundu wa kushoto ambao hata kipofu ataugusa.

Kiwanda hakikuweza kungoja. Mkuu aliniuliza kama hesabu za kurudi zimefika, nikamwambia zikija zitakuwa zilezile, huyu ni dada yangu. Nikatia saini. Ni mara ya kwanza kutia saini kwa hesabu za kwenda peke yake, lakini sikuona sababu ya kusita. Nitumie hizo za kurudi kwa ajili ya faili.

Rula

Kibanda cha Msituni
7 Julai

Kwa ajili ya faili:

Chemchemi hadi lango: 7,000.
Mgawanyiko hadi chemchemi: 3,240.

Tope. Na mvua. Nisalimie wifi.

B. H.

Chumba cha Ramani
14 Julai

Dada,

Nimekaa na karatasi yako siku mbili. Nimetoa madaftari yako yote kabatini, ya miaka kumi na tisa, nikayapanga sakafuni hadi mfagiaji akagoma kuingia. Katika kila daftari, kila njia, hesabu ya kushuka ni ndogo kuliko ya kupanda. Ukishuka unajiachia, hatua inarefuka. Umekuwa hivyo tangu utotoni, Mama alikuwa akikupigia kelele. Safari hii umeshuka kwa hatua nyingi kuliko ulivyopanda. Hatua 520 zaidi kwenye njia ileile.

Tope halifanyi hivyo. Najua kinachofanya hivyo. Baba, mwaka wake wa mwisho wa kazi: kupanda ngazi alijikaza mbele yetu, kushuka aliweka miguu yote miwili kwenye kila ngazi akasema anatafakari.

Ni goti, Dada. Ni lipi, la kulia? Lile ulilolipa likizo?

Sasa nisikilize. Kama hatua yako imefupika, tuseme hadi sentimita sitini na mbili, mgawanyiko uko mita 1,860, hauko 2,100. Nimeuchora mita 240 mbele ya mahali ulipo. Muuguzi atakayehesabu vizuri, bila kukosea hata moja, ndani ya wingu, ataupita mgawanyiko na kuendelea moja kwa moja juu ya nyasi nzuri akitafuta kona niliyomwahidi. Genge liko mita mia mbili. Atalifikia kabla hajafika kwenye mshale wangu mwekundu.

Nimekwenda kiwandani kwa miguu yangu na kuusimamisha mtambo. Karatasi mia nane zilikuwa zimeshatoka, nimeziona zikichanwa. Kisha nimemweleza mkuu yote, kuanzia na saini yangu. Kosa la saini ni langu, sitakutwisha.

Lakini mita mia imechorwa pale langoni. Unaipita kila wiki. Mbona hukujipima?

Rula

Kibanda cha Msituni
28 Julai

Rula,

Magari mawili yameshuka bila barua yangu. La kwanza kwa sababu nilikuwa na hasira. Barua yako niliichana vipande vinne. La pili kwa sababu nilikuwa naiunganisha.

Sikujipima kwa sababu nilijua nitaambiwa nini.

Nilianguka Aprili, pale kijitoni, na ndoo ya rangi mkononi. Rangi haikumwagika, goti ndilo lililozunguka. Nilimwapisha askari asimwambie mtu. Maskini, kila dereva akimuuliza habari zangu anakwenda kukata kuni. Nilijua mkisikia mtanishusha, halafu mtamleta mwingine aje auhesabu mgongo ambao nimeutafuta kwa panga na kucha. Nikasema nimalize kwanza. Nikajiambia hatua ni zilezile, ni maumivu tu. Nikakudanganya na maporomoko. Yapo, usidhani nimeyatunga, lakini mzunguko wake hauzidi hatua thelathini.

Ile sehemu ya muuguzi anayehesabu vizuri nimeisoma hadi nimeishika kwa moyo. Ningeweza kuwaua, mdogo wangu. Watu ishirini, na wote wangekuwa wametii.

Jana nimekwenda langoni. Mita mia: mara ya kwanza hatua 161, ya pili 158, ya tatu 170. Kwa hiyo hata usijaribu kunikokotoa upya na hizo sitini na mbili zako. Mguu huu kila saa una jibu lake. Anatakiwa mtu mwenye miguu mizima, na awe mtu nitakayemwamini. Nimewapanga wote ninaowajua kichwani, nimebaki na mmoja, na huyo anaogopa hata kusimama kwenye roshani.

Dada yako

Chumba cha Ramani
4 Agosti

Dada,

Huyo wa roshani anakuja Alhamisi na gari la vifaa. Wewe unashuka na gari hilohilo. Daktari wa mifupa ameshaambiwa, kitanda kipo, wifi yako ameshafunga begi lako kabla hujakubali, kwa hiyo usijisumbue kubishana naye.

Mkuu amenikaripia robo saa nzima, halafu akaniazima viatu vyake vya milimani. Nimejipima ukumbini mara kumi. Hatua yangu ni sentimita sabini na nane. Nitaweza.

Rula

Kibanda cha Msituni
20 Agosti

Dada,

Wifi yako ameniandikia kwamba upasuaji umekwenda vizuri na kwamba umeshagombana na wauguzi wawili. Nimepumua.

Na mimi nimemaliza! Msitu ni jambo kubwa kuliko nilivyowahi kulichora. Miaka yote nimeupaka kijani kwa brashi moja, kumbe mle ndani kuna vijani mia, na matone yanadondoka hata siku isiyo na mvua. Maporomoko nimeyakuta, mzunguko wake nimeusahihisha.

Mgongoni nilikwenda na askari. Sikuogopa hata kidogo. Upepo ulikuwa wa kawaida, nikafurahia mandhari, nikahesabu kwa utulivu kabisa.

Chemchemi hadi jiwe kubwa: hatua 1,190.
Jiwe kubwa hadi mgawanyiko: hatua 1,370.
Jumla 2,560. Kurudi nimepata 2,552, karibu sawa. Kwa hatua yangu ni kama mita 2,000. Kwa hiyo hata makadirio yangu ya 1,860 hayakuwa sahihi, na wewe hukukosea sana kama tulivyodhani. Nimtumie mkuu achore?

Rula

Wodi ya Mifupa, kitanda cha dirishani
27 Agosti

Weka kalamu chini, usitume kitu.

Mdogo wangu, hukuogopa hata kidogo? Hebu tazama namba zako. Mguu wangu ulikuwa mbovu, sikatai, lakini siku ile ulikuwa mbovu sawasawa: chemchemi hadi jiwe 1,500, jiwe hadi mgawanyiko 1,500. Jiwe liko katikati kabisa, ndiyo maana nililichagua. Wewe kwenye vichaka umetembea kama mtu mzima, 1,190, safi. Vichaka vilipokwisha ukaanza kutembea kama kuku anayevuka barabara. Hatua 180 za woga umezitia kwenye ramani. Kurudi umefanya vilevile, ndiyo maana zinakaribiana. Woga wako una nidhamu, hilo nakusifu.

Unajua sasa kwa nini sikujipima langoni? Ni hivyohivyo ulivyofanya wewe. Mtu anaona namba inayomfaa, anaikumbatia. Sikucheki. Kwa kweli nilipoisoma nilicheka hadi muuguzi akaja, lakini baada ya hapo nikakuonea huruma, kwa sababu najua ulivyokuwa pale juu peke yako na moyo wako.

Fanya hivi. Askari atangulie, na atembee mwendo wake wa kawaida. Wewe tazama mgongo wa shati lake. Usitazame chini, usitazame baharini, bahari haiendi mahali. Hesabu kwa sauti, upige kelele ukitaka, pale hakuna jirani. Woga ukikushika, usipunguze hatua: simama kabisa, pumua, halafu endelea na hatua nzima. Kusimama hakuharibu hesabu. Kunyatia ndiko kunakoharibu.

Rudia siku tatu. Kisha niletee.

Bi Hatua

Kibanda cha Msituni
4 Oktoba

Dada,

Niliogopa. Ile siku ya kwanza, mwezi Agosti, niliupita mgongo nikiwa nimekamata mkanda wa askari kama mtoto, na nikamwomba asikwambie. Naona watu wote humwomba yule bwana jambo hilohilo.

Tarehe kumi na saba Septemba, siku ya kwanza ya zile tatu ulizoniagiza, nilisimama mara kumi na moja. Siku ya pili mara nne. Siku ya tatu sikusimama. Kwenda 2,384, kurudi 2,386, zile nilizokutumia bila maelezo nawe ukazipitisha, na hiyo ni mita 1,860 tukiacha hatua moja au mbili. Ramani mpya ilifika Septemba ishirini na nane, wino wake bado unanukia. Mshale mwekundu uko mahali pake.

Juzi wauguzi walikuja. Ishirini, wa kwanza kati yao ni mama mkunga mwenye miaka sitini na sauti ya kuamsha mtaa. Kila mmoja alijipima langoni. Msitu waliupita wakiimba. Tulipofika chemchemi wingu likashuka. Dada, sijawahi kuona kitu kama kile: lilishuka kama mtu aliyefunga dirisha. Nilitaka kuwarudisha. Mkunga akanitazama, akasema, «Ramani yenu nzuri au mbaya?» Nikamwambia nzuri. Akasema, «Basi twende.»

Sikuwaongoza. Tulikubaliana nikae nyuma kabisa, wapite kwa hesabu zao, nami niseme tu ikiwa wamekosea. Nilikuwa nasikia sauti zao mbele, watu ishirini wanahesabu kila mmoja namba yake, na mimi yangu. Nilipofika 2,340 nilitega sikio. Nikasikia mkunga anapaza sauti, «Kushoto!» Na nyuma yake mmoja baada ya mwingine, kushoto, kushoto, kushoto, wakipokezana. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga zile nyasi za kulia. Nilibaki pale peke yangu kidogo baada ya wote kupita. Nilikaa chini, kisha nikainuka nikawafuata.

Tulipotokea upande wa pili niliwahesabu. Ishirini.

Ukirudi nitakuonyesha alama niliyoipaka kwenye mwamba, pale kwenye mgawanyiko. Imepinda kidogo.

Rula

Nyumbani kwako, chumba cha wageni
10 Oktoba

Rula,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya nne nikampa wifi anisomee kwa sauti ili niwasikie wale watu wakipokezana. Nimelia, na sioni haya kukwambia. Wifi naye alilia, ila yeye anasingizia kitunguu.

Sasa langu. Daktari aliniita Jumatatu. Kwenye tambarare nitatembea vizuri kuliko yeye. Mlimani, hapana, na si mwaka huu wala ujao: hapana kabisa. Hakulizungusha. Tangu Aprili nimelikimbia neno hilo. Nimekudanganya kwa ajili yake, na nusura niwaangushe gengeni watu ishirini ambao hawakunikosea lolote. Likaja, likatamkwa, na nilikuwa bado nimeketi palepale kwenye kiti. Nikaomba chai. Wakaniletea, nikanywa.

Kwa hiyo alama yako iliyopinda sitaiona. Iache hivyohivyo, mwamba ule sasa unakujua wewe.

Mkuu wako amenitembelea hapa nyumbani. Anasema kuna mgongo wa kaskazini haujapimwa, na kwamba umemwandikia ukiutaka. Hukuniambia, lakini nilishajua. Mtu aliyechoka haandiki vile ulivyoandika juu ya vijani mia. Anasema meza yako iko wazi, na kwamba miaka kumi na tisa ya madaftari si kitu cha kufungia kabatini. Nimekubali. Naanza Jumatatu.

Basi nisikilize vizuri, mdogo wangu. Kuanzia sasa hesabu zako zitapita mikononi mwangu kabla hazijawa mstari, na mimi si mpole kama wewe. Ukinitumia za kwenda bila za kurudi, nitazirudisha na gari hilohilo. Na ukiumia, hata ukucha, utaniambia siku hiyohiyo, kabla hujahesabu hatua nyingine. Sitakushusha. Nitakusubiri upone, hata njia ikichelewa mwaka.

Dada yako,
Chumba cha Ramani